Kadi za Xingu

Mwaka 1954 surua iliingia katika vijiji vya Xingu ya juu, katikati ya Brazil, ikaua watu 114 miongoni mwa jamii za wenyeji asilia ambazo zote pamoja zilikuwa na watu mia chache tu. Mtu akiuliza kwa nini wanafunzi wa udaktari kutoka São Paulo walianza kwenda huko, jibu linaanzia kwenye makaburi hayo. Hifadhi ya Xingu ilitangazwa mwaka 1961. Miaka minne baadaye mkurugenzi wake, Orlando Villas-Bôas, aliiomba Escola Paulista de Medicina, chuo cha udaktari cha São Paulo, ibebe dhamana ya afya ya wakazi, na Daktari Roberto Baruzzi akaitikia. Tangu hapo madaktari, wauguzi na wanafunzi wa kujitolea wamekuwa wakisafiri zaidi ya kilomita 1,000 kwenda Xingu, na kurudi huko tena na tena, na kilichowapa maana, kwa maoni yangu, ni huko kurudi. Dawa hata mpita njia huweza kuigawa.

Ushahidi wa huko kurudi ni kadi. Kila mkazi alifunguliwa kadi yake ya afya, ikabandikwa picha. Picha ilihitajika kwa sababu huko Xingu ya juu mtu hurithi majina ya babu na bibi zake, huyabadili akikua, na wakwe hawatajani majina kabisa. Jambo hili la wakwe halitamshangaza msomaji wa Afrika Mashariki. Daftari la majina peke yake lingemwandika mtoto mmoja mara tatu na kumsahau mwenzake. Kwa kadi, mwanafunzi aliyefika kwa mara ya kwanza alijua nani amechanjwa, nani ana kifua kikuu, nani hakumaliza dozi. Wahenga wetu walisema mgeni siku ya tatu apewe jembe. Hapa jembe lilikuwa kalamu. Idadi ya watu iliyokuwa imeporomoka ikapanda tena. Sidai kwamba kadi ilifanya kazi hiyo peke yake, maana mipaka ya hifadhi nayo iliwazuia wengi waliobeba maradhi.

Wapo watakaosema kwamba vijana wa mjini walijifunzia kazi kwenye miili ya watu ambao hawakuulizwa vya kutosha, chini ya ulezi wa serikali ulioamua nani aingie na nani asiingie. Kwa miaka ya mwanzo sina la kuwapinga. Lakini anayejifunzia tu hana haja ya kuwafundisha wenyeji kazi yake, na miaka ya 1990 mradi huu uliwafundisha wahudumu wa afya waliozaliwa vijijini humo humo. Hoja nzito zaidi ni kwamba wa kujitolea huipa serikali usingizi. Ni kweli, Brazil ililala muda mrefu: sheria iliyoingiza afya ya wenyeji asilia rasmi katika huduma ya taifa ilipitishwa mwaka 1999, miaka 34 baada ya safari ya kwanza. Hata hivyo, ilipoamka, Xingu haikuanza na karatasi tupu. Palikuwa na kumbukumbu za kizazi kizima, na palikuwa na wahudumu wasiohitaji picha ili kujua nani amebadili jina.