Nyumba ya Marafiki huko York

Twajua sote kwamba huzuni kuu yaweza kumpotezea mtu akili. Mwaka wa 1790 Hannah Mills, mjane wa dini ya Marafiki, alitiwa katika nyumba ya wenye wazimu mjini York, Uingereza. Wenzake katika imani walipokwenda kumtazama walizuiwa mlangoni. Baada ya majuma machache akafa. William Tuke, mfanyi biashara ya majani ya chai, alihuzunika sana. Mwaka wa 1796 yeye na wenziwe wakafungua nyumba isiyo na minyororo. Humo wagonjwa walikaa kama jamaa moja, wakalima bustani, wakalisha sungura na kuku. Na wengi wakapona. Basi sisi tumfichao chumbani ndugu aliyefadhaika, tuna tofauti gani na walinzi wa mlango ule?