Lamu: Majumba ya Wakubwa na Nyumba Moja ya Watu

Kwa miaka 74, kuanzia 1910 hadi 1984, aliyekwenda sokoni Lamu alipita kando ya jela. Soko liko ubavuni mwa Ngome, uwanja wa Mkunguni uko mlangoni pake, na nyuma ya kuta zile nene walikaa wafungwa: kwanza wa Mwingereza, kisha wa serikali ya Kenya huru. Haikuwa mahali pa kumtuma mtoto akacheze. Siku hizi watu huingia humo kwa hiari yao. Kuna maktaba, kuna maonyesho ya mazingira, kuna mikutano ya wananchi, na arusi za mjini hufanyika mle mle uani.

Ngome ni moja ya majengo manne ya kihistoria ambayo Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya huyatunza katika mji mkongwe wa Lamu. Mengine ni jumba la pwani linaloitwa Makumbusho ya Lamu, posta ya zamani ya Wajerumani, na nyumba ndogo vichochoroni inayojulikana kama Nyumba ya Waswahili. Ukiyapitia yote manne kwa siku moja, jambo ambalo mguu unaliweza kabisa maana mji ni mdogo na magari hayaingii, jambo moja linajitokeza. Matatu kati yake yalikuwa ya wenye amri. Moja tu ndilo walimolala, wakapika, wakazaa na kuoshea maiti watu wa Lamu wenyewe.

Habari ya Ngome inaanzia Shela, kijiji cha kisiwa hicho hicho cha Lamu. Karibu mwaka 1812 jeshi la kisiwa cha Pate pamoja na washirika wao, Wamazrui wa Mombasa, lilikuja kuitiisha Lamu na kushukia fukwe za Shela. Waamu, yaani watu wa Lamu, wakalipiga. Masimulizi ya mji yanasema kwamba wavamizi walipokimbilia vyombo vyao walivikuta vimepwelewa, maji yamekupwa, na hapo ndipo walipoangamia. Ushindi huo uliwaletea Waamu fahari na hofu kwa pamoja, kwani Mombasa haikuwa ya kusahau kisasi. Wakapeleka ujumbe Omani kwa Seyyid Said kumwomba hifadhi. Akawapa liwali na askari, na Ngome ambayo tayari ilikuwa imeanzwa ikakamilishwa kufikia 1821. Wakati huo bahari ilikuwa karibu kuigusa. Barabara ya pwani tunayoiona leo ni ardhi iliyojazwa baadaye.

Ulinzi walioupata ulikuwa wa kweli, lakini mlinzi alikabidhiwa na funguo za nyumba. Lamu ikawa chini ya Zanzibar, alikohamia Seyyid Said, na kuanzia 1895 ikawa chini ya Mwingereza, bila vita nyingine ya Shela kupiganwa. Kuigeuza Ngome kuwa gereza hakukuhitaji ubunifu mkubwa.

Jumba jeupe la pwani, lenye roshani pana inayotazama mkondo wa Manda, nalo lilipita njia hiyo hiyo. Lilijengwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya liwali wa Sultani. Wakoloni wakalirithi, wakalifanya makazi ya wakuu wa wilaya, na ngazi aliyoipanda mtu kwenda kumlalamikia liwali akawa anaipanda kwenda kumlalamikia mzungu. Mwaka 1971 likafunguliwa kuwa makumbusho. Msimamizi wake wa kwanza alikuwa James de Vere Allen, mtafiti aliyeishughulikia sana historia ya Waswahili, hasa siwa, zile pembe za kupuliza, na siwa ndizo zinazolibeba jumba hilo hadi leo.

Ziko mbili. Ya Pate ni ya pembe za ndovu, imenakshiwa, na urefu wake unapita mita 2; ya Lamu ni ya shaba. Mgeni huzitazama kama pembe kubwa za kupuliza, akapiga picha, akaenda zake. Lakini siwa haikupulizwa ovyo. Ililia katika arusi na shughuli za koo zenye hadhi, na kunyimwa siwa kulikuwa ni kuambiwa mbele ya mji mzima kwamba wewe si wa daraja hiyo. Aliyeishika siwa alishika neno la mwisho juu ya nani ni mwungwana na nani si mwungwana. Kwa hiyo hata chombo kinachopendwa zaidi katika jumba la liwali ni chombo cha mamlaka.

Posta ina kisa kifupi. Ndugu wawili wa Kijerumani, Clemens na Gustav Denhardt, walikuwa wamefanya mapatano na Sultani wa Witu, huko bara, na Ujerumani ikauweka usultani huo chini ya himaya yake. Barua zilihitaji mlango wa kutokea, na mlango ukawa Lamu: Novemba 1888 posta ikafunguliwa. Mwaka 1890 Ujerumani na Uingereza zikapatana Ulaya, Witu ikaachiwa Waingereza, na 1891 posta ikafungwa. Tangu 1996 jengo hilo ni makumbusho, yaani limeonyeshwa kwa muda mrefu mara nyingi zaidi ya ule lililouza stempu. Silichukii, ila nikilitazama najiuliza jinsi miaka isiyotimia 3 ya Mjerumani ilivyopata jengo zima, huku karne nzima nzima za Waamu zikibanwa katika nyumba moja.

Basi twende kwenye nyumba hiyo.

Iko Mkomani, upande wa kaskazini wa mji, kwenye majengo ya mawe matupu, ambako vichochoro ni vyembamba hata punda mwenye mzigo akija huna budi kujibandika ukutani. Ni ya karne ya 18, wakati Lamu iliposhiba. Kwa nje hakuna cha kukusimamisha: ukuta, na mlango wenye daka, kibaraza chenye viti vya mawe kila upande. Mgeni wa kawaida aliishia hapo dakani. Aliyekaribishwa aliingia tekani, ambapo njia inakata kona ili jicho la mpita njia lisifike ndani, ndipo akatokea kiwandani, uwanja ulio wazi juu, unaoshusha mwanga na hewa.

Kutoka kiwandani vyumba vinafuatana, kimoja nyuma ya kingine: msana wa tini, msana wa yuu, kisha ndani. Kila unapoingia kimoja sakafu inapanda kidogo na mwanga unapungua. Vyote ni virefu na vyembamba, upana usiozidi mita 3. Wengi hudhani ni mtindo tu. Kumbe ni mti: dari imebebwa na boriti za mkoko, na boriti ya mkoko ina urefu wake ambao mwashi hawezi kuuongeza. Msitu wa bahari ndio uliopima vyumba vya waungwana.

Mwisho wa yote, ndani, ukuta mzima umejaa zidaka, safu juu ya safu, zimechongwa kwa chokaa kwa ustadi ambao hata mafundi wa leo huutazama mara mbili. Humo zilipangwa sahani za Uchina na vitu vya thamani. Urembo, ndiyo, lakini watafiti waliozungumza na wenyeji wanaeleza pia kwamba zilikuwa kinga ya jicho baya, katika sehemu ile ya nyumba ambako wanawake walijifungua na maiti waliandaliwa. Chooni kuna birika la maji ya kutawadhia, na katika mabirika ya namna hii Waamu waliweka visamaki vidogo vya kula viluwiluwi vya mbu. Chini ya birika ilipachikwa bakuli ya kaure, ili maji yakipungua visamaki vipate pa kusalia. Mtu aliyefikiria jambo hilo hakuwa na cheti cha afya ya jamii.

Nyumba za namna hii zilifikaje kuhitaji makumbusho ya kuzitunza? Jibu liko katika hesabu za wenye nyumba. Utajiri uliozijenga ulitoka katika biashara ya bahari na katika mashamba ya bara yaliyolimwa na watumwa. Reli ya kutoka Mombasa ilipofika Kisumu 1901, biashara iliinamia Mombasa. Mwaka 1907 utumwa ukafutwa kisheria katika pwani ya Kenya, na mashamba yakakosa mikono. Nyumba ya mawe haingoji mwenyewe apate pesa: maji yakipenya darini, ncha za boriti zilizozikwa ukutani huoza kwanza, bila kuonekana, na siku moja dari yenye uzito wa mawe na chokaa inashuka yote kwa pamoja. Familia zikahamia Mombasa, nyingine zikagawana vyumba kwa mirathi hadi hakuna aliyekuwa na jukumu la paa. Magofu yakaanza kuota miti katikati ya mji.

Miaka ya 1970 msanifu majengo kutoka Iraq, Usam Ghaidan, aliupima mji na kuuchora nyumba kwa nyumba, na kitabu chake cha 1975 kikawafanya wengi watambue kwamba hapa hapakuwa na majengo machache ya kale, bali mji mzima ambao bado una watu ndani. Mwaka 1986 serikali ikautangaza kuwa eneo la urithi linalolindwa kwa sheria, na 2001 UNESCO ikauingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Katikati ya hayo, Ngome ilikabidhiwa kwa makumbusho 1984 na kukarabatiwa kwa msaada wa Sweden. Uamuzi wa kuwarudishia watu wa mji jengo hilo, badala ya kuijaza makabati ya vioo peke yake, naona ndio uamuzi bora kuliko yote uliofanywa Lamu katika uhifadhi. Jengo linalotumiwa lina watu wa kulalamika likivuja.

Kulalamika ni muhimu, kwa sababu kazi haina mwisho. Mawe ya matumbawe hukatwa Maweni, kisiwani Manda. Chokaa huchomwa kwa kurundika matumbawe juu ya magogo, kisha huachwa iive kwa maji muda mrefu kabla fundi hajaigusa. Mwenye haraka hununua mfuko wa saruji dukani, na hapo ndipo ugomvi unapoanza. Ukuta wa matumbawe hunywa unyevu na kuutoa; ukiubandika saruji unauziba pumzi, chumvi inakusanyika nyuma ya lipu, na baada ya misimu michache lipu inabanduka na kuondoka na kipande cha ukuta. Fundi wa Lamu anayajua hayo. Mwenye nyumba pia anayajua, ila saruji iko leo na chokaa iko mwezi ujao. Boriti nazo zina mambo yake: serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti mwaka 2018, mikoko ilihesabiwa humo, na hadi marufuku ilipolegezwa kwa Lamu, mwenye dari iliyooza ilimbidi asubiri pamoja na mkata mikoko aliyekosa riziki.

Fedha za kiingilio hutegemea mgeni, na mgeni ni mwoga. Mwaka 2011, baada ya watalii kutekwa katika visiwa hivi, hoteli zilibaki tupu. Mwaka 2014, baada ya mauaji katika mji wa Mpeketoni, bara, serikali iliweka kafyu. Kisha corona. Katika vipindi hivyo vyote mvua za masika hazikukosa kunyesha juu ya paa hata moja.

Na kuna wageni wa namna nyingine, wasioogopa. Hawa hununua. Nyumba nyingi za mawe za Mkomani na Shela zimepita mikononi mwa watu wa nje, wengi wao kutoka Ulaya, na lazima tuseme haki: baadhi wamezitengeneza vizuri mno, kwa chokaa ya kweli na boriti za kweli, kuliko ambavyo mrithi mwenye ndugu 12 angeweza. Zidaka zimesalimika. Ila mwenye nyumba yuko kwake miezi michache, na mtoto wa jirani aliyezaliwa hatua 20 kutoka hapo huziona zidaka zile kwa mara ya kwanza akiwa na sare ya shule, ndani ya Nyumba ya Waswahili. Ndiyo maana nyumba hiyo ndogo ina kazi kubwa kuliko majumba yote matatu ya wakubwa.

Hata hivyo ina upungufu wake, na upungufu huo hautatuliwi kwa lipu. Inaonyesha nyumba ya mwungwana. Waliochoma chokaa, waliobeba mawe kutoka majahazini, waliolima mashamba yaliyolipia zidaka, hawakulala humo kama wenye nyumba; walilala katika nyumba za udongo na makuti, na hakuna hata moja ya hizo iliyo chini ya makumbusho. Udongo hausifiwi na wasanifu, na makuti huoza kila baada ya miaka michache. Lakini Lamu haijakosa mafundi wa kukandika wala wa kuezeka, na upande wa Langoni na viungani mwake ufundi huo haujakuwa historia. Kiwanja kimoja, miti ya mkoko, udongo, makuti, na mzee wa kueleza nani alilala wapi: ombi hilo ni dogo kuliko lile la kuikarabati Ngome, na jengo la tano la makumbusho ya Lamu linapaswa kuwa hilo.