Vijia vya Karura

Januari 8, 1999, mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai alifika kwenye lango la msitu wa Karura, Nairobi, na mche mkononi. Walinzi waliokodiwa walimshambulia pamoja na wenzake, naye akaisaini taarifa yake polisi kwa damu iliyokuwa ikimtoka kichwani.

Msitu huo ulitangazwa hifadhi ya serikali mwaka 1932, na una takribani hekta 1,000. Hilo halikuzuia vipande vyake kugawiwa kimyakimya kwa wajenzi wa majumba katika miaka ya 1990, na hicho ndicho alichokuja kukipinga Maathai. Ujenzi ulikwama kwa sababu ya kelele za wananchi, wanafunzi wakiwemo. Hata hivyo, hata baada ya miti kunusurika, watu waliendelea kuuogopa msitu: wezi walijificha humo, na wachoma makaa walifanya kazi yao bila bughudha.

Mabadiliko yalikuja pale Huduma ya Misitu ya Kenya iliposhirikiana na chama cha jamii, Friends of Karura. Uzio wa umeme ukasimamishwa, na vijana wa mtaa jirani wa Huruma wakaajiriwa kuwa walinzi. Mwaka 2011 malango yakafunguliwa.

Msituni kuna njia na vijia vya kuelekea maporomoko ya maji na mapango. Kila njia panda ikawekewa nguzo yenye namba, ili aliyepotea aseme tu, “Niko namba fulani.” Waendesha baiskeli wakapangiwa njia zao, na baiskeli za kukodi zikaletwa langoni.