Nani Alimng'ata Nyangumi?

Kwa miaka mingi wavuvi wa Pasifiki walikuwa wakivuta jodari wenye tundu ubavuni. Halikuwa jeraha la kuchanikachanika, kama anavyoacha papa tuliyemzoea. Lilikuwa shimo la duara, safi kabisa, kana kwamba mtu amechota nyama kwa kijiko: upana sentimita 5 hivi, kina kama 7. Nyangumi nao walikuwa na makovu hayohayo, na pomboo, na sili.

Kila watu walikuwa na maelezo yao. Huko Samoa ilisimuliwa kwamba jodari wakiingia ghubani huacha vipande vya miili yao kama sadaka kwa chifu Tautunu. Wataalamu wa Magharibi wao walisema ni bakteria, au vimelea, au wale samaki wembamba wasio na taya wanaojibandika kwa wenzao na kunyonya. Mimi, kusema kweli, naona Wasamoa ndio waliokuwa karibu na jambo lenyewe. Angalau walikubali kwamba nyama imetolewa na kuna aliyeipokea. Nadharia ya bakteria haikuwa hata na mlaji.

Kinachochekesha ni kwamba mlaji mwenyewe alikuwa ameshaandikwa vitabuni zamani. Madaktari wawili wa meli ya Kifaransa Uranie, Quoy na Gaimard, walimpa jina la kisayansi mwaka 1824, kutokana na papa mdogo aliyepatikana Brazil. Ni samaki wa rangi ya kahawia, mwenye umbo la sigara, ambaye kwa kawaida hafiki hata nusu mita. Nani angemshuku kijitu kama hicho kwa kumjeruhi nyangumi?

Kisha akaja Frederick Debell Bennett, daktari Mwingereza aliyesafiri na meli ya wawinda-nyangumi kati ya 1833 na 1836. Kitabu chake cha 1840 wapenzi wa fasihi wanakijua bila kujua kwamba wanakijua: Herman Melville aliweka maneno yake kwenye zile dondoo zinazofungua Moby-Dick. Bennett alieleza papa mdogo anayetoa mwanga wa kijani gizani. Yaani, jamaa yuko juu ya meli inayochinja nyangumi, mkononi ana samaki anayewang'ata nyangumi, na bado hivyo viwili havikukutana.

Vilikutana mwaka 1971. Everett Jones, mtafiti wa uvuvi huko Hawaii, alichapisha makala iliyolinganisha kinywa cha papa huyu na yale majeraha, akasema kwa tahadhari kwamba huenda huyu ndiye. Kati ya kumpa samaki jina na kujua anachokula ikawa imepita miaka 147. Stewart Springer, bingwa wa papa, alikuwa akimwita shetani mng'ata-nyangumi. Baadaye akalieneza jina lililodumu, papa mkata-biskuti, kwa sababu anakata nyama kama kile kibati cha kukatia biskuti kwenye unga uliosukumwa.

Umbo la kinywa na alama za majeraha vinaeleza mengi. Midomo yake mizito hujibandika na kufyonza. Meno madogo ya juu hushika, na yale makubwa ya chini, yaliyoungana kama msumeno, hukata huku mwili ukizunguka. Meno hayo ya chini hung'oka safu nzima kwa mpigo, naye huyameza. Inadhaniwa anajirudishia kalisi.

Ushahidi mwingine ukatoka jeshini. Katika miaka ya 1970 na 1980, nyambizi za Marekani zilikutwa na vipande vilivyokatwa kwenye vifuniko vya mpira vya mitambo ya sona. Mafuta ya ndani yalivuja, mitambo ikawa kiziwi. Hii ni Vita Baridi, basi hofu ya kwanza ikawa silaha mpya ya adui. Nyambizi zaidi ya 30 ziliharibiwa kabla ya vifuniko hivyo kubadilishwa kuwa vya faiba. Na mwaka 2009 mwogeleaji aliyekuwa akivuka usiku mlangobahari wa Alenuihaha, Hawaii, alitolewa kipande cha nyama mguuni.

Kuhusu ule mwanga, mwaka 1998 Edith Widder alitoa dhana ninayoipenda sana. Tumbo linalong'aa humficha papa asionekane kutoka chini, lakini shingoni ana mkanda mweusi usiowaka. Kwa jodari aliye chini, mkanda ule ni kivuli cha samaki mdogo. Anapanda kuula, kumbe ameitwa mezani yeye.

Hapo ndipo hadithi ingeishia vizuri. Ila mwaka 2021 watafiti waliochunguza kemia ya miili ya papa hawa kutoka Hawaii walikuta kwamba nyama ya viumbe wakubwa ni sehemu ndogo tu ya mlo wao. Kwa sehemu kubwa wanaishi kwa ngisi, kamba na samaki wadogo wa maji ya kina. Nyangumi, jodari na nyambizi walikuwa wa kuonja tu. Sisi tulimjua kwa makovu kwa sababu makovu ndiyo yaliyofika juu. Ngisi aliyemezwa mzima kilindini haachi alama yoyote kwa mtu wa kuisoma.