Kutoka Mlimani Hadi Mugumu: Umoja wa Wanafunzi wa Nyumbani na Swali la Nani Anauhoji

Wilaya za Tarime na Serengeti hazina chuo kikuu. Tarime mjini kuna chuo cha ualimu cha serikali, na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere kimepangiwa makao Butiama, katika mkoa huohuo wa Mara. Lakini kijana wa Nyamwaga, Tarime, au wa Mugumu, Serengeti, anayetafuta shahada, kwa kawaida, hupanda basi: Mwanza, Dodoma, au zaidi ya kilomita 1,000 hadi Dar es Salaam. Waliouza ng'ombe ili asome hubaki nyuma. Darasani atakachofanya watakijua siku moja kwa cheti. Atakachofanya nje ya darasa, yaani vikao, matamasha, midahalo, chaguzi, michango na mahafali, hawatakijua kabisa, na aghalabu hawatauliza.

Hoja ya makala haya ni kwamba shughuli inayoendeshwa na wanafunzi huwa elimu pale inapokuwa na mtu wa kuihoji. Isipokuwa naye, hubaki burudani, na burudani si dhambi, ila tusiiandikie barua ya kuombea ufadhili kana kwamba ni kitu kingine. Kwa wanafunzi wa wilaya hizi mbili, chombo kinachokaribia zaidi sharti hilo ni kile kinachodharauliwa kuliko vyote: umoja wa wanafunzi wa nyumbani.

Dharau hiyo ina sababu. Umoja wa namna hii hutajwa kwa kejeli kuwa ni mahali pa kula kichuri, kuongea kilugha na kutafutiana wachumba. Wasomi wa kizazi cha Azimio la Arusha waliuona kuwa mlango wa nyuma wa ukabila. Siwabezi, wameona mengi. Ila shutuma yenyewe inakosea shabaha. Umoja wa wilaya si umoja wa kabila. Serengeti ina Wangoreme, Waikoma, Wanata, Waisenye na Wakurya. Tarime ina Wakurya na Wajaluo, na Wakurya wenyewe ni koo zenye mipaka na kumbukumbu zake. Wanchari na Warenchoka wamepigana kwa miaka mingi juu ya ardhi na mifugo, na mapigano ya koo ni miongoni mwa mambo yaliyoipa Tarime na Rorya kanda maalumu ya kipolisi. Kijana wa Kinchari na mwenzake wa Kirenchoka wanapogombea uenyekiti wa umoja mmoja huko chuoni, kisha aliyeshindwa akakubali kuwa katibu, kuna jambo limefanyika ambalo nyumbani limewashinda watu wazima.

Historia nayo inautetea umoja huu kuliko tunavyokumbuka. Julius Nyerere wa Butiama alipofika chuo cha Makerere, Uganda, mwaka 1943, yeye na wenzake, Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu wakiwamo, waliunda chama kidogo cha wanafunzi wa Tanganyika, Tanganyika African Welfare Association, ambacho baadaye kiligeuka tawi la Tanganyika African Association (TAA). Tukitazame bila taadhima. Kilikuwa kikundi cha vijana walio mbali na kwao, waliokusanyika kwa sababu wametoka mahali pamoja. Kwa lugha ya leo ni umoja wa nyumbani. Kilichokikuza ni kwamba ajenda yake ilikuwa huko walikotoka, na waliporudi walikutana na watu wenye haki ya kuwauliza mmefanya nini.

Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kumbukumbu yetu hujaa maandamano. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na 393 wakafukuzwa. Mwaka 1978 waliandamana dhidi ya marupurupu ya viongozi, wakafukuzwa tena kwa mamia. Chama chao kikavunjwa na nafasi yake ikachukuliwa na MUWATA iliyofungwa kwenye mkia wa chama tawala, hadi chama kipya, DARUSO, kilipozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hayo ni ya kukumbukwa. Lakini kwa swali letu, mfano wenye rutuba zaidi ni ule wa USARF (University Students' African Revolutionary Front), kikundi cha hapo Mlimani kilichoanzishwa mwaka 1967 na kuongozwa na Yoweri Museveni, mwanafunzi kutoka Uganda. Walikuwa na madarasa yao ya itikadi siku za Jumapili. Mwaka 1969 walianza kuchapa jarida lao, Cheche, na mwaka uliofuata jarida na kikundi vyote vikapigwa marufuku. Nami nataja zaidi jambo moja: mwaka 1968 baadhi yao walivuka Ruvuma kwenda kuyaona maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji. Mtu aliyesema maneno makali juu ya Msumbiji alikwenda kusimama mbele ya wapiganaji wa Msumbiji. Maneno yakapata wa kuyahoji.

Serikali nayo ililiona tatizo hili la kukosa mhoji, ikalitatua kwa namna yake, tena mkoani Mara. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala, ilikutana Musoma na kuamua kwamba mtu asiende chuo kikuu moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Apite kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi si chini ya miaka miwili, apate na pendekezo la mwajiri na la tawi la chama. Azimio la Musoma lilimweka mhoji mlangoni. Wazo lilikuwa na akili: jamii imhoji mtu kabla haijamlipia. Utekelezaji ndio ulioharibu. Mhoji akawa katibu wa tawi badala ya jirani, idadi ya wanawake vyuoni ikapungua hadi sharti likabidi kulegezwa kwao, na hatimaye utaratibu wote ukaachwa. Tulichopoteza hapo ni mhoji mwenyewe. Mahali pake pakabaki wazi.

Sasa tuingie ndani ya kikao. Ni Jumapili jioni, darasa limeazimwa, watu ishirini na kitu wamekaa nyumanyuma kama kawaida. Daftari la mahudhurio linazunguka na kalamu moja. Mhazini anasoma majina ya waliochanga: fulani katuma elfu tano kwa simu, lakini hakuweka ya kutolea. Je, ahesabiwe elfu tano au kasoro? Mjadala unachukua robo saa. Mmoja anasema tusiwe wadogo kiasi hicho. Mwingine anajibu kwamba wakiwa arobaini wote bila ya kutolea, turubai la hafla halitalipika. Mgeni angecheka. Mimi naona hapo ndipo penye somo: fedha ni ya watu wanaojuana, na mhazini anajua kuwa mama wa yule aliyetuma pungufu na mama yake yeye huuza ndizi soko moja. Serikali ya wanafunzi ya chuo kizima, yenye bajeti kubwa inayokatwa kwenye ada, haina mhazini anayeogopa kiasi hicho. Taarifa yake ya fedha hubandikwa ubaoni, wakati mwingine, na hakuna anayesimama kuisoma.

Wakurya wana neno kwa mkutano wa namna hii. Iritongo ni baraza la hadhara ambamo jambo husemwa mbele ya wote na msemaji hujibiwa papo hapo. Kando yake kuna inchama, baraza la siri la wazee, ambalo kati ya mengine ndilo huamua wakati wa tohara. Malcolm Ruel, mwanaanthropolojia aliyewatafiti Wakurya miaka ya 1950, alionyesha jinsi rika na kizazi vinavyompangia mtu nafasi yake katika jamii hiyo. Waliotahiriwa msimu mmoja huwa na dai juu ya kila mmoja wao maisha yote. Mwaka wa kwanza wa chuo hutengeneza kitu kinachofanana na hicho bila kisu. Waliofika pamoja, wakalala wanne chumba cha wawili wakisubiri bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, huitana kwa udugu huo miaka ishirini baadaye.

Lakini hapa ndipo umoja wa nyumbani unapokutana na mtihani wake, na mpaka sasa, kwa maoni yangu, unafeli. Katika koo nyingi za Kikurya msimu wa tohara huja Desemba ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, shule zikiwa zimefungwa, na wasichana hukeketwa katika msimu huohuo. Sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana ilifanya ukeketaji wa msichana wa chini ya miaka 18 kuwa jinai. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 10. Wasichana wanaokimbia hupokewa Masanga, wilayani Tarime, na katika nyumba salama ya Mugumu.

Tazama kalenda. Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia huanza 25 Novemba na kuisha 10 Desemba. Vyuoni ni wiki za fulana mpya, mabango, mdahalo na picha ya pamoja. Mwaka wa msimu, ni wiki zilezile ambazo Tarime vijijini ngoma inalia. Mwanafunzi wa Tarime husimama Dar es Salaam kulaani jambo ambalo saa hiyo linafanyika kwa binti wa shangazi yake, na ukumbini hakuna hata mmoja wa kumuuliza: wewe nyumbani ulisema nini? Likizo ndefu, ambayo kwa vyuo vingi huangukia kati ya Julai na Oktoba, alikuwa nyumbani. Alilima, alitembelea ndugu, alikaa kijiweni. Alinyamaza.

Namwelewa. Kumwambia mzee wa ukoo kwamba amekosea ni jambo zito kwa kijana ambaye bado anasomeshwa. Ndiyo maana lisiwe la mtu mmoja. Umoja una kile ambacho mtu mmoja hana: vijana wa koo kadhaa wanaosema neno moja, na wengi wao wameshatahiriwa, kwa hiyo hakuna wa kuwaambia ni watoto. Chama cha wanafunzi wa udaktari, TAMSA, kimezoea kutoka chuoni na kwenda kupima watu afya mitaani. Umoja wa wilaya unaweza kutoka hivyohivyo na kwenda kwenye sekondari za kata na mikutano ya vijiji kabla msimu haujafika.

Masharti yapo mawili. La kwanza ni wanawake. Iritongo kwa desturi ilikuwa sauti za wanaume, na umoja mwingi chuoni umerithi tabia hiyo: mwenyekiti ni kaka, dada ni makamu na msimamizi wa chakula. Kampeni dhidi ya ukeketaji inayoongozwa hivyo haitamshawishi binti yeyote. La pili ni mgeni rasmi. Hafla zetu haziwezi kuanza bila yeye. Huchelewa kwa saa tatu, hutoa ahadi, hupigiwa makofi, na mwaka wa uchaguzi huwa mgombea. Kwa siasa za Tarime jinsi zilivyo moto, umoja unaomtegemea mtu wa namna hiyo kwa spika na viti utakuwa tawi lake kabla jua halijazama. Turubai walilolilipia wenyewe, na ya kutolea ikiwamo, lina thamani kuliko mahema yake.

Kuingia shuleni kunataka barua kwa mkurugenzi wa halmashauri kupitia afisa elimu, na mkutano wa hadhara unataka polisi waarifiwe. Barua hizo hazijibiwi kwa siku mbili. Viongozi wa umoja ambao mitihani yao inaisha Julai waziandike Juni.