Unanunua mashine ya kufulia Kariakoo? Anza na bomba la nyumbani kwako, jina la kampuni baadaye

Dar es Salaam. Jumamosi asubuhi ukikatiza Mtaa wa Uhuru kuelekea Msimbazi, hufiki mbali kabla hujaitwa. "Karibu bosi, mashine ya kufulia, og kabisa, waranti miaka kumi!" Mashine zimepangwa hadi barazani, na kila muuzaji anakuapia kwamba ya kwake ndiyo isiyosumbua.

Wengi wanaingia dukani na swali moja: kampuni gani ni nzuri? LG, Samsung, Hisense au Bosch? Ni swali la haki, ila sio la kwanza. Mashine ile ile inaweza kufanya kazi miaka mingi kwenye ghorofa la Upanga na ikawa kero ndani ya wiki moja Tabata. Nyumba hizo mbili hazina maji yale yale, umeme ule ule wala fundi yule yule.

Na hii sio bidhaa ya kubahatisha. Wengine wanainunua kwa pesa ya kikoba, wengine kwa akiba ya mwaka mzima, ili mtu anayeinamia beseni kila wikiendi apumzike. Ikigoma, pesa imeondoka na beseni limerudi pale pale.

Haya ndiyo ya kujua kabla hujatoa pesa mfukoni.

Jua aina tatu kwanza

*Semi.* Hii ina matanki mawili: moja la kufulia, lingine la kukamulia. Unajaza maji mwenyewe na unahamisha nguo kwa mkono. Ina kazi, lakini haina mambo mengi ya kuharibika.

*Otomatiki ya kufunguliwa juu.* Inajaza, inafua, inasuuza na kukamua yenyewe. Unaweza kuifungua katikati na kuongeza soksi uliyoisahau. Inakunywa maji mengi.

*Otomatiki ya mlango wa mbele.* Inatumia maji kidogo, inafua taratibu na nyingi zinapasha maji moto. Ndiyo inayochagua sana mazingira: inataka presha ya maji, umeme uliotulia na sakafu iliyonyooka.

Maji yako yanatoka wapi?

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Chukua hesabu ya madumu ya lita 20. Mashine ya mlango wa mbele ya kilo 7 au 8 hutumia karibu lita 50 kwa mzunguko mmoja, yaani madumu mawili na nusu. Ya kufunguliwa juu inaweza kufika lita 120, sawa na madumu sita.

Ukifua mara nne kwa wiki, kwa mwezi ya kwanza itatumia kama lita 800. Ya pili itakaribia lita 1,900, yaani simtanki la lita 1,000 karibu mara mbili. Waliokuwa Dar mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua na mgawo wa maji ukaanza, wanajua hesabu hii ina maana gani.

Halafu kuna presha. Nyuma ya mashine au kwenye kitabu chake huandikwa presha ya chini inayohitaji. Kwa nyingi ni 0.05 MPa, nyingine 0.1 MPa. Tafsiri yake ni rahisi: 0.05 MPa ni sawa na tanki lililo mita 5 juu ya mashine, na 0.1 MPa ni mita 10. Kama simtanki lako limekaa kwenye kibanda cha mita 2, mashine itasubiri maji, itachoka, itapiga kelele na kuandika kosa kwenye kioo. Sio mbovu. Haipati maji tu.

Suluhisho ni pampu ndogo ya kuongeza presha, au kununua semi, ambayo haijali presha kwa sababu unaweza kuijaza kwa ndoo.

La tatu ni chumvi. Nyumba nyingi Dar zinatumia maji ya kisima, na kama sabuni haitoi povu na birika lako lina ukoko mweupe ndani, ukoko huo huo utaganda kwenye hita ya mashine. Kama hayo ndiyo maji uliyonayo, fua kwa maji baridi, na chagua mashine ambayo tanki lake la ndani ni la plastiki au chuma cha pua kisichoshika kutu haraka.

LUKU itaisha haraka?

Kufua kwenyewe hakuli umeme mwingi. Kinachokula ni kupasha maji. Mashine ya mlango wa mbele ikifua kwa maji baridi hutumia karibu uniti 0.3 kwa mzunguko. Ukiiweka nyuzi 40 inaweza kukaribia uniti 0.8, na nyuzi 60 ikavuka uniti moja.

Kwa viwango vya TANESCO vilivyoanza 2016, mteja wa kawaida wa kundi la T1 analipa shilingi 292 kwa uniti, na ukijumlisha kodi na tozo inakuwa kama 356. Kwa hiyo mizunguko 16 ya maji baridi kwa mwezi ni uniti tano hivi, haifiki shilingi 2,000. Uniforomu za shule na nguo za kazini hazihitaji maji moto. Waachie mashuka, taulo na nguo za mtoto mchanga.

Kama uko kundi la D1, unalipa karibu shilingi 122 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Zikizidi hapo, kila uniti ya ziada inapanda hadi zaidi ya 400. Ukizidisha mara kwa mara unaweza kuhamishiwa T1. Kumbuka hilo, maana sehemu inayofuata ndiyo inayowaumiza watu.

Draya: unaihitaji kweli?

Kwanza tuelewane kwa jina. Dukani utaambiwa "hii ina draya" wakati muuzaji anamaanisha tanki la kukamulia. Muulize moja kwa moja: inakamua au inakausha kwa joto? Ni vitu viwili tofauti kabisa.

Draya ya kweli, ile ya kawaida yenye hita, hutumia karibu uniti 4 kukausha mzigo mmoja wa kilo 7. Mara 16 kwa mwezi ni uniti 64. Kwa mtu wa T1 hiyo ni karibu shilingi 22,800 kila mwezi, kwa kukausha tu. Kwa mtu wa D1, draya peke yake imekaribia kumaliza uniti zake zote 75 kabla friji na feni havijahesabiwa.

Zipo draya zinazozungusha joto lile lile badala ya kulitupa nje. Hizi hutumia karibu nusu ya umeme huo au pungufu, ila bei yake dukani ni kubwa zaidi na fundi wake ni wa kutafuta.

Zipo pia mashine zinazofua na kukausha kwa pamoja. Soma namba zake vizuri. Nyingi zinafua kilo 8 lakini zinakausha kilo 5 tu, kwa hiyo utagawa mzigo mara mbili. Kufua na kukausha kunaweza kuchukua saa nne au zaidi, na umeme ukikatika katikati, unasubiri.

Kwa familia nyingi za Dar jibu ni hili: usinunue draya, nunua mashine inayokamua vizuri. Angalia namba ya mizunguko kwa dakika. Inayokamua kwa 800 inaacha maji mengi kwenye nguo. Inayofika 1,200 au 1,400 inazitoa zikiwa na unyevu kidogo, na jua letu linamaliza kazi. Hata wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, nguo zilizokamuliwa vizuri na kutundikwa ndani karibu na feni hukauka kabla hazijaanza kunuka.

Draya inaanza kuwa na maana kama unakaa ghorofani Kariakoo au Posta bila baraza wala kamba, una mtoto mchanga au mgonjwa, na LUKU sio tatizo.

Kilo ngapi zinatosha?

Kilo zinazoandikwa ni za nguo kavu. Jinzi ya mtu mzima inakaribia nusu kilo au zaidi, taulo kubwa vilevile, na shati linakaribia robo kilo. Familia ya watu watatu au wanne, kilo 7 zinatosha. Watu sita na kuendelea, au nyumba yenye wageni kila mara, tafuta kilo 9 au 10, hasa kama unataka kufua blanketi.

Usijaze hadi juu. Nguo zikikosa nafasi ya kugeuka hazitakati, na beringi zinabeba mzigo usio wake.

Waranti ya miaka kumi ni ya nini?

Stika ile kubwa mbele ya mashine mara nyingi inahusu mota peke yake. Bodi ya umeme, pampu ya kutolea maji na raba ya mlango huwa chini ya waranti ya kawaida, ambayo mara nyingi ni mwaka mmoja au miwili. Na bodi ndiyo inayoogopa umeme unaopanda na kushuka.

Muulize muuzaji maswali matatu:

- Waranti inatolewa na nani, duka au wakala wa kampuni?
- Fundi anakuja nyumbani, au mimi ndiye nitabeba mashine kuirudisha mjini?
- Spea za modeli hii zinapatikana hapa, au zinaagizwa?

Kisha, kabla ya kununua, mpigie fundi wa mtaani kwako umtajie modeli. Akikwambia anaijua na pampu yake inapatikana, hiyo ni sifa kubwa kuliko stika yoyote. Mashine ya jina kubwa isiyo na spea mjini ni kabati la chuma.

Dukani: usitoke bila haya

- Soma kibandiko cha nyuma. Modeli na namba ya utambulisho vifanane na vya kwenye boksi na kadi ya waranti. Visipofanana, acha.
- Angalia volti. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Mashine za mtumba kutoka Japani hutumia volti 100, na za Marekani volti 120. Bei inaweza kukuvutia, lakini utahitaji transfoma kubwa, na ukichomeka moja kwa moja umeiunguza.
- Iwashwe mbele yako. Izunguke na ikamue, hata bila nguo.
- Dai risiti ya EFD yenye jina la bidhaa na bei uliyolipa kweli. TRA wanasema ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Kwako wewe hiyo karatasi ndiyo ushahidi, hasa kwenye maduka yaliyobandika tangazo la "mali ikiuzwa hairudishwi". Ukiuziwa feki, Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayosimamia Sheria ya Ushindani ya 2003 inayomlinda mlaji.
- Linganisha maduka matatu. Pitia Kariakoo, kisha uliza bei kwa wakala rasmi. Tofauti ikiwa ndogo, waranti ya wakala inaweza kuwa na thamani zaidi ya punguzo.

Siku ya kwanza nyumbani

Kirikuu imeshusha mzigo, watoto wanashangilia. Usiwashe bado.

Mashine ya mlango wa mbele huja na boliti tatu au nne nyuma, zinazoshikilia ngoma isicheze njiani. Zifungue zote kabla ya kuwasha. Ukizisahau, mashine itaruka na kutembea sebuleni kama ina mashetani, na inaweza kuharibika siku hiyo hiyo. Zitunze boliti hizo, utazihitaji ukihama.

Chomeka kwenye soketi ya ukutani yenye waya wa ethi unaofanya kazi, sio kwenye eksitensheni ya jirani na TV. Mashine yenye hita inaweza kuvuta wati 2,000. Kwenye majengo ya zamani ya katikati ya mji, mwite fundi umeme apime ethi kwanza. Maji na shoti havitanii.

Tumia sabuni iliyoandikwa ni ya mashine. Ile ya kufulia kwa mkono inatoa povu jingi, na mashine ya mlango wa mbele inaweza kusimama au kuvuja. Kanga na vitenge vipya vifue peke yake mara ya kwanza.

Kwa ufupi, uchukue ipi?

- Maji ya ndoo au ya mgawo, presha ndogo, umeme unaokatika: semi. Usione aibu, itakufaa.
- Maji yapo ya kutosha, hutaki kuhamisha nguo kwa mkono: ya kufunguliwa juu.
- Maji ya bomba yenye presha, ethi nzuri, unataka kuokoa maji: ya mlango wa mbele, kilo 7 hadi 10, inayokamua 1,200 au zaidi.
- Huna pa kuanika kabisa na bajeti inaruhusu: hapo ndipo draya inaingia.

Kwa hiyo kabla ya kupanda daladala kwenda Kariakoo, fanya vitu vitatu: pima urefu wa tanki lako, angalia risiti yako ya LUKU ujue uko kundi gani, na piga picha sehemu mashine itakapokaa pamoja na vipimo vyake. Ukiitwa "bosi" barazani, utakuwa tayari unajua unachotafuta.