Kilimo hai, asilia na kienyeji: tofauti za matumizi

Kilimo hai (nomino, KI-VI): kilimo kinachofuata kanuni maalumu, kisichotumia mbolea wala viuatilifu vya kemikali za viwandani, wala mbegu zilizobadilishwa kijenetiki. Husemwa *chakula cha kilimo hai*, si *chakula hai*, kwa kuwa kinachoelezwa ni kilimo, si uhai wa chakula chenyewe.

Kiwango na nembo. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mazao hayo, EAS 456, kilipitishwa mwaka 2007. Bidhaa iliyothibitishwa huruhusiwa kubeba nembo ya *Kilimohai*, jina linaloandikwa kama neno moja. Uthibitisho hutolewa na chombo huru, au kwa mfumo shirikishi ambamo wakulima hukaguana.

Tofauti. *Asilia* na *kienyeji* hayadai ukaguzi. Mahindi ya mbegu ya kienyeji yaliyopigwa dawa ya kiwandani wilayani Karatu hubaki ya kienyeji, lakini si ya kilimo hai. Kahawa iliyokuzwa kwa samadi tu katika miteremko ya Mlima Oldeani, Ngorongoro, yaweza kutimiza kanuni zote. Bila uthibitisho haina haki ya nembo.

Tanbihi kwa wafasiri. Kuandika *asilia* kwenye mfuko wa kahawa iliyothibitishwa humnyima mkulima sifa aliyoigharimia. Kuandika *kilimo hai* pasipo uthibitisho humpotosha mnunuzi.

Mfano: Chama cha ushirika kilikaguliwa kabla ya kahawa yake kupewa nembo ya Kilimohai.